MAKABURI YA MABAHARIA KISIWANI CHAPWANI NA THAMANI YAKE KATIKA URITHI WETU

Kisiwa cha Chapwani, ambacho wengine hukiita Kisiwa cha Makaburi, kinaonekana waziwazi kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe. Hata hivyo wengi wetu hatujapata kukanyaga huko, na wanaofika aghalabu huenda kuogelea au kutazama popo na paa. Makala haya yanakusudia kueleza makaburi yaliyopo huko ni ya nani, na kwa nini yanastahili kutunzwa.

Makaburi hayo yalianza mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash bin Said. Wengi wa waliozikwa mwanzo ni mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuyafukuza majahazi yaliyokuwa yakisafirisha watumwa kwa siri, baada ya biashara ya watumwa kwa njia ya bahari kupigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Kwa hivyo mawe yale ni ushahidi wa sehemu ya historia yetu wenyewe. Jambo hili lapaswa kufahamika vyema, kwa sababu wapo wanaouliza makaburi ya wageni, tena wa dini nyingine, yanatuhusu nini.

Kundi la pili liliongezeka kwa ghafla. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja ikifanyiwa matengenezo ya mitambo. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Mto Rufiji, ilitokea na kuishambulia. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, na ile ya Pegasus haikuweza kujibu kwa taathira yoyote. Muda si mrefu Pegasus ilinyamazishwa, na baadaye ikazama. Mabaharia 38 walipoteza maisha na 55 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa wako waliozikwa Chapwani. Königsberg nayo iliangamizwa Rufiji mwezi Julai, 1915. Leo mzinga wa manowari moja na mzinga wa nyengine imewekwa pamoja Fort Jesus, Mombasa, mahasimu wawili wametulia chini ya ukuta mmoja.

Kumbukumbu za vita hivyo haziko Chapwani tu. Katika Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini, lililojengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, mna vibao ukutani vinavyowataja mabaharia na wengineo waliouawa katika mapigano ya Afrika Mashariki. Huko Uingereza takriban kila kijiji kina msalaba au jiwe uwanjani mwa kanisa lenye majina ya vijana wake waliokufa vitani. Desturi hiyo ilienea baada ya mwaka 1918, kwa sababu serikali yao ilikataa maiti kurejeshwa nyumbani, na wazazi wakawa hawana kaburi la kuzuru. Jiwe la kijijini likashika nafasi ya kaburi.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila ya kupambanua cheo. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa Waafrika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nao hawakuwekewa mawe, na majina yao hayakuandikwa popote. Unguja pia ilitoa watu wake: mwaka 1916 Askofu Frank Weston aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar kuvuka bahari kwenda bara. Badala ya makaburi yenye majina yalijengwa masanamu ya askari Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Lile la Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 1927, lina maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa khati za Kiarabu na za Kirumi. Mtu aliyesoma chuoni tu aliweza kuyasoma, ila asingelikuta humo jina la nduguye. Mtaa wa Kariakoo huko huko Dar es Salaam umebakisha jina la kikosi cha wapagazi kwa matamshi ya Kiswahili. Kwa wengi wao hiyo ndiyo kumbukumbu pekee.

Mwezi Aprili, 2021, Tume hiyo yenyewe ilitangaza ripoti iliyokiri kosa hilo. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Basi, makaburi ya Chapwani yana thamani mbili: yanahifadhi majina ya waliomo, na yanatuonesha kwa kulinganisha ni nini walichonyimwa wengine. Tukiyaacha yakaporomoka tutapoteza yote mawili.

Kuhusu utunzaji, wananchi na waongozaji wa wageni wanaombwa kuzingatia yafuatayo. Mawe ya kaburi yasisuguliwe kwa brashi ya waya wala kumiminiwa tindikali, kwani herufi huliwa upesi kuliko uchafu. Maji safi na brashi laini vyatosha. Palipojengwa kwa mawe na chokaa pasizibwe kwa saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke, na chumvi ya bahari iliyomo hupasua jiwe kutoka ndani. Mafundi wetu wa zamani walilijua hilo bila ya kufundishwa na mtu. Wanaotembelea kisiwa wasikae juu ya makaburi wala kuondoka na vipande vya mawe.

Aidha, familia zenye habari za babu au jamaa aliyechukuliwa upagazi katika vita vile, jina lake, kijiji chake na mahali alipofia kama panajulikana, zinahimizwa kuziandika mapema na kumwarifu Sheha wa shehia yao. Wazee wanaokumbuka masimulizi hayo wamebaki wachache.