Skolashipu za nje: vijana wa Tarime na Serengeti, milango ni hii



Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, swali linalonifikia kutoka Tarime mjini, Sirari, Nyamongo mpaka Mugumu ni lile lile: "Kaka, nitapataje skolashipu ya kwenda majuu?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nayaweka yote hapa, uyasome hapo kafe, na ukiweza umchapishie mwenzako ambaye hana hela ya bando.

Niseme mapema: mimi si wakala wa chuo chochote na sipokei hela ya mtu. Ni mtu wa Tarime ambaye nimekaa na ndugu na jamaa wengi kujaza hizi fomu, na nimeona zinakwamia wapi.

KWANZA: KUPATA CHUO SIO KUPATA UFADHILI

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Kijana anatuma maombi, baada ya wiki mbili inakuja barua ina nembo na muhuri: hongera, umepata nafasi, na umepewa punguzo la asilimia 50. Nyumbani mbuzi anachinjwa. Hesabu inakuja baadaye.

Tuseme ada ni dola 8,000 kwa mwaka. Nusu imeondoka, zimebaki 4,000. Hapo hujala, hujalala, hujakata bima, hujalipia viza wala tiketi. Na huo ni mwaka wa kwanza tu! Mzee anauza ng'ombe, mwaka wa pili zizi limebaki tupu, mtoto yuko nchi ya watu na ada haijalipwa.

Kwa hiyo ukiona neno "ufadhili", uliza maswali matano. Unalipa ada yote au sehemu? Unalipa malazi na chakula? Unalipa nauli ya kwenda na kurudi? Unalipa bima ya afya? Ni wa miaka yote au mwaka mmoja, na ukishuka maksi inakuwaje?

Mifano. Ufadhili wa serikali ya China ukiwa kamili unalipa ada, bweni na bima, halafu unapewa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza na 3,000 kwa masters. Nafasi za serikali ya Urusi zinafuta ada na kukupa posho ndogo, lakini nauli na bima ni juu yako. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada kabisa, watu wanasikia hivyo wanaruka. Kumbe ubalozi unataka uoneshe hela ya kuishi, na tangu mwaka 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 30, imekaa kwenye akaunti maalumu kabla hujapewa viza. Bila ada haina maana ya bure.

PILI: MLANGO WAKO UNATEGEMEA ULIPOFIKA

Kidato cha nne. Wengi mnadhani hamna lenu. Lipo. Kuna shule za United World Colleges, moja ni UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, iliyoingia kwenye mtandao huo mwaka 2019. Kuna kamati ya taifa inayochagua Watanzania, na ufadhili hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Uzuri wake ni kwamba wahitimu wa shule hizi wana mfuko wao, Davis United World College Scholars, unaosaidia gharama kwenye vyuo kadhaa vya Marekani. African Leadership Academy ya Afrika Kusini nayo inachukua vijana wa umri huo.

Kidato cha sita. Hapa kuna China, Japani (ufadhili wa MEXT, ambao una mtihani wa Hesabu, Kiingereza na sayansi kupitia ubalozi, na mwaka mzima wa kujifunza Kijapani kabla ya digrii), India (ICCR) na Urusi. Kama umefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, tafuta Ashinaga Africa Initiative. Hao ni Wajapani, wanalenga yatima wa Afrika waliomaliza sekondari karibuni, na kuomba ni bure. Mara tuna vijana wengi wa namna hii na karibu hakuna anayeomba.

Wenye digrii. Hapa ndipo nafasi zilipo nyingi zaidi, na naomba mlielewe hili vizuri: wafadhili wengi wanalipia masters kuliko digrii ya kwanza. Uingereza kuna Chevening na Commonwealth. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, wenyewe wanauhesabu kama saa 2,800, na kazi ya kujitolea inaingia. Ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka 2. Commonwealth ina hata nafasi za kusoma kwa mtandao, unachukua masters ya chuo cha Uingereza ukiwa zako Mugumu. Ujerumani kuna DAAD, na baadhi ya kozi zao za maendeleo zinataka miaka 2 ya kazi na digrii isiyozidi miaka 6. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, unasoma nchi mbili au zaidi kwenye kozi moja. Marekani kuna Fulbright, ila kwa Marekani angalia kwanza masharti ya viza kwa Watanzania mwaka huo, maana hubadilika haraka.

Kwa hiyo kama umepata chuo hapa Bongo na mkopo wa Bodi, nenda kasome. Hujapoteza majuu. Kwa wengi ndiyo njia yenyewe.

Na "nje" sio Ulaya tu. Ukiwa Sirari, Nairobi ni karibu kuliko Dar. Mastercard Foundation, ambao mpango wao ulianza mwaka 2012, wamefadhili wanafunzi Makerere pale Kampala, Carnegie Mellon ya Kigali na vyuo vingine vya Afrika. Wapo pia Edinburgh kule Scotland. Hicho Edinburgh mnakijua? Ndicho chuo alichokwenda Mwalimu Nyerere mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali, akarudi na digrii yake mwaka 1952. Mtoto wa Butiama, mkoa huu huu wetu. Na alikwenda akiwa ameshasoma Makerere na kufundisha Tabora. Sasa soma tena hapo juu kuhusu masters na uzoefu wa kazi.

TATU: KALENDA

Vyuo vya kaskazini vinafungua mwezi wa tisa au wa kumi, na milango ya ufadhili hufungwa miezi mingi kabla. Chevening kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa nane kwa watakaosafiri mwaka unaofuata. China mara nyingi ni mwanzoni mwa mwaka. Wewe matokeo unayapata mwezi wa saba, wengine mko JKT, mkitoka milango imefungwa. Huo sio mkosi, ni kalenda. Mwaka wa kwanza unaandaa makaratasi, unaomba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Na katikati hapo usikae kijiweni. Fundisha tuisheni, jitolee zahanati, fanya kitu cha kuandika kwenye fomu.

NNE: MAKARATASI, HASA JINA LAKO

Hili ni la kwetu kabisa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Boke, cheti cha NECTA Bhoke, kitambulisho cha NIDA Bhoke na jina la babu limeongezwa. Kuna Robi na Rhobi, Gati na Ghati. Kwetu ni mtu yule yule, lakini mtu wa Beijing au London anaona watu watatu. Panga vyeti vyote mezani leo usome herufi kwa herufi. Vikipishana, anza marekebisho sasa hivi au uape kiapo kwa wakili, maana haya hayaishi kwa siku moja.

Cheti cha kuzaliwa kinashughulikiwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa niaba ya RITA. Pasipoti, fomu unajaza kwenye tovuti ya Uhamiaji na ada ni shilingi 150,000. Ofisi ya mkoa iko Musoma. Usisubiri kupata ufadhili ndipo uanze kuitafuta. Na ukishapata chuo cha nje unahitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hao hao ndio watakaoitambua digrii yako ukirudi.

Mtihani wa Kiingereza kama IELTS ni hela nyingi. Kabla hujajichanga, uliza chuo kama wanakubali barua ya shule kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa vinakubali.

Na hapo kafe ulipo: fungua barua pepe YAKO, nywila yako, namba yako ya simu. Usikubali jamaa wa steshenari akujazie kwa barua pepe yake eti ni haraka. Siku majibu yanakuja yeye amehamia Mwanza. Ukimaliza toka kwenye akaunti, na vyeti ulivyoskani vifute kwenye ile kompyuta.

TANO: BARUA YA KUJIELEZA

Nimesoma barua nyingi za vijana wa kwetu na karibu zote zinaanza: "Nimetoka familia maskini, nataka kuisaidia nchi yangu." Ni kweli, lakini mwenzako wa Malawi, wa Nepal na wa Peru kaandika hivyo hivyo. Msomaji wa barua atakukumbuka kwa lipi?

Wewe una vitu ambavyo wa Masaki hana. Kama unatoka Robanda au kijiji chochote kinachopakana na hifadhi, unajua tembo akiingia shamba la mahindi usiku kunakuwaje, nani anakesha na nani haendi shule kesho yake. Kama unatoka Nyamongo, umeona dhahabu inavyosafishwa kwa zebaki kwa mikono mitupu. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Ulikuwa wapi, uliona nini, ungepima nini kama ungekuwa na maabara? Hiyo ndiyo barua. Andika ulichokiona, ulichofanya hata kama ni kidogo, na kozi hiyo itakuongezea nini. Umaskini weka sentensi moja, inatosha.

Dada zangu, nawasemea na ninyi. Najua kuna nyumba ambazo msichana akimaliza kidato cha nne mazungumzo ni ukeketaji na ng'ombe wa mahari, sio fomu. Wapo waliokimbilia nyumba salama Mugumu na Masanga wakaendelea na shule. Kama mzazi ndiye kikwazo cha sahihi au vyeti, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au mwalimu unayemwamini. Na simulizi yako ni mali yako. Si lazima uiandike kwenye fomu ili uonewe huruma.

SITA: MATAPELI

Mfadhili wa kweli hakuombi hela ili akupe hela. Chevening na DAAD kuomba ni bure. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi, hiyo ni ya chuo na inalipwa kwenye mfumo wa chuo wenyewe, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa tuma laki mbili "ya kufungulia faili" kabla ya saa kumi, funga simu. Wakala akija na kipeperushi, uliza kama amesajiliwa TCU, kisha thibitisha kwenye tovuti yao, tcu.go.tz. Usiishie kwenye maneno yake.

Na kuna hatari kubwa kuliko kupoteza laki mbili. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti jinsi wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22, wakiwemo wa Uganda, walivyovutwa na matangazo ya mpango wa kazi na masomo kule Alabuga, Urusi, tiketi bure. Walipofika wakajikuta kiwandani wanaunganisha droni za kivita. Kwa hiyo tangazo likitaka umri na jinsia lakini halijali maksi zako, jiulize wanatafuta mwanafunzi au mtu wa kazi. Usimpe mtu pasipoti, na usisafiri kabla chuo chenyewe hakijathibitisha jina lako.

Sasa ufanye nini leo, kabla muda wako wa kafe haujaisha? Mambo matatu. Fungua barua pepe yenye jina lako kamili. Skani vyeti vyako vizuri, ujitumie mwenyewe. Chagua ufadhili mmoja tu unaolingana na ulipofika, soma masharti yake mpaka mwisho, uandike tarehe ya kufunga kwenye daftari. Kesho unarudi kwa ajili ya wa pili. Wengi wanaopata hawakuomba mara moja, wameomba mara tatu, nne.

Kama umewahi kupata, au umekwama mahali, andika kwenye maoni hapo chini. Wenzako wa Nyamwaga na Natta wanasoma.