Alama, Mgao na Stahili ya Mtoto

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita tulikaa nyuma ya darasa la saba, katika shule moja ya msingi iliyo jirani na Kolo, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha Hisabati. Somo lilihusu sehemu, na madaftari yalipokusanywa ilionekana kuwa zaidi ya nusu ya darasa wamekosea. Mwanachuo akakereka. Akasema kwa mzaha, lakini kwa sauti ya kusikika, "Haidhuru, nyinyi wa huku hata mkikosa mtabebwa tu." Darasa likacheka. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakucheka, akanyosha mkono, akauliza: "Samahani, mwalimu. Wewe ulibebwa na nani?"

Mtoto hakukemewa, na mwanachuo hakuwa na jibu. Jioni ile swali lilihamia bwaloni. Wanachuo wakagawanyika: wengine wakashikilia kuwa nafasi ya masomo ni haki ya mwenye alama nyingi, basi, wengine wakasema kuwa alama isiyotazama hali ya shule ni nusu ya ukweli. Tuliwasikiliza, tukaona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikilitumia neno "kubebwa" bila kujua lilikotoka. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jambo lenyewe, kisha kuonyesha namna mwalimu awezavyo kulifundisha pasipo kuwajeruhi watoto.

Yafaa tuanze na ramani. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, shule hazikuwa zimetawanyika sawasawa. Wamisionari walijenga zaidi katika nyanda za juu zenye mvua na mazao ya biashara, hasa Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe. Huko kahawa iliwapatia wazazi fedha za ada, na mtoto wa mwalimu akawa mwalimu. Katika uwanda wa kati, ambako mvua ni chache na njaa imerudi mara kwa mara, shule zilikuwa chache na mbali. Isitoshe, katika sehemu nyingi zenye Waislamu wengi, Kondoa ikiwamo, wazazi walisita kuwapeleka watoto katika shule za misheni, wakichelea kuwa wangebadilishwa dini. Hatuwalaumu wazazi wale. Kwa wakati huo shule na kanisa vilikuwa chini ya paa moja. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wa sehemu hizo waliingia katika mashindano ya taifa wakiwa nyuma, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amefanya kosa lolote.

Mwaka 1967 ulikuja waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1969 sheria ya elimu iliiwezesha Serikali kuzichukua shule za mashirika ya dini ili ziwe za watoto wote. Hata hivyo kufungua mlango si sawa na kuingia. Shule ya sekondari iliyoko mlimani, hata ikiwa mali ya umma, ingeendelea kujaa watoto wa mlimani iwapo kigezo kingekuwa alama peke yake. Ndiyo maana, katika miaka ya 1970, nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali zikaanza kugawanywa kwa mikoa, na baadaye hadi wilaya, kulingana na idadi ya watoto wa darasa la saba. Huo ndio mgao.

Hapa wanachuo wengi hukosea. Hudhani kuwa mgao ulifuta mashindano. La, ulibadilisha uwanja wake. Mtoto wa Kondoa hakupewa nafasi kwa kuwa ni wa Kondoa. Alishindana na watoto wenzake wa Kondoa, na aliyepata ni yule aliyewazidi. Tukumbuke pia jinsi mlango wenyewe ulivyokuwa mwembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto mia moja waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika watano. Basi huyo anayeitwa "aliyebebwa" alikuwa amewashinda zaidi ya tisini waliosoma katika hali kama yake.

Lakini tungekuwa tunawadanganya wanachuo wetu kama tungeishia hapo. Kila nafasi iliyokwenda wilaya moja iliondoka kwingine, na aliyeikosa alikuwa mtoto pia. Mtoto wa mlimani aliyefaulu vizuri, akaona jina lake halimo huku mwenye alama pungufu wa mkoa mwingine akiitwa, hakuwa amemdhulumu mtu. Hakuchagua kuzaliwa penye shule, kama vile mwenzake hakuchagua kuzaliwa pasipo na shule. Wazazi wa huko hawakukaa wakinung'unika tu. Walichanga, wakajenga sekondari za binafsi, Kilimanjaro ikiongoza, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sekondari za binafsi zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Hivyo mgao uliokusudiwa kupunguza tofauti uliwasukuma wenye uwezo kuongeza shule kwao, na pengo likapungua kwa upande mmoja huku likipanuka kwa upande wa pili. Jambo hili husahauliwa na wanaousifu mgao, nasi tulio wazaliwa wa uwanda wa kati husahau wepesi zaidi.

Kuna udhaifu wa pili, ambao kwa maoni yetu ni mzito zaidi. Mgao huhesabu wilaya, hauhesabu nyumba. Mtoto wa ofisa aliyehamishiwa wilaya iliyo nyuma, mwenye vitabu na taa ya umeme nyumbani, anahesabiwa pamoja na mtoto wa mchunga mbuzi. Uganda imeliona hili. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo imetenga sehemu ya nafasi za vyuo vikuu zinazolipiwa na serikali kwa ajili ya wilaya, na malalamiko yaliyosikika ni kwamba watoto waliosomeshwa katika shule bora za mjini hurudi kudai nafasi za wilaya za asili yao. Maskini aliyekusudiwa hubaki alipokuwa.

Kuhusu wasichana, historia yetu ina funzo ambalo kila mwalimu yampasa alijue. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kuwa vijana wasiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali kwanza wafanye kazi na kupata mapendekezo ya mahali pa kazi na ya Chama. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, haikumtaja mwanamume wala mwanamke. Lakini kijana wa kiume aliweza kufanya kazi kisha akarudi masomoni. Msichana katika miaka hiyohiyo alitarajiwa kuolewa na kuzaa. Idadi ya wanawake Chuo Kikuu ikashuka, na baada ya miaka michache Serikali ikalazimika kuwaondolea wanawake sharti hilo. Kanuni iliyo sawa kwa maandishi ilikuwa imefunga mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi, wala hapakuwa na aliyekusudia hivyo.

Makerere ilichukua njia nyingine mwaka 1990, ikawaongezea wasichana wote pointi moja na nusu wakati wa kuchagua wa kujiunga. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, lilianzishwa jambo ambalo sisi walimu tunalipenda zaidi: wasichana waliokaribia kiwango cha kusomea sayansi bila kukifikia waliitwa mapema, wakafundishwa kwa majuma kadhaa, wakapimwa, na waliofaulu ndio waliopokewa. Pointi za nyongeza humfikisha mtu mlangoni. Mafunzo ya awali humwandaa kwa yale atakayoyakuta ndani. Mtu akituuliza ipi kati ya njia hizi mbili ni kazi ya mwalimu, jibu halihitaji mjadala.

Mabishano haya si ya kwetu peke yetu. Nchini Marekani vyuo vikuu vilizingatia rangi ya mwombaji kwa miongo mingi, hadi tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua, katika mashauri yaliyohusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kuwa utaratibu huo unakiuka katiba na sheria. Lakini jimbo la Texas lilikuwa na sheria ya mwaka 1997 inayowapa nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo wanafunzi walio katika sehemu ya kumi ya juu ya kila shule ya sekondari, iwe ya matajiri au ya maskini. Mwanachuo makini ataona kuwa hiyo ni binamu wa mgao wetu: kila mmoja apimwe na wale aliokaa nao darasa moja.

Leo mgao wa kidato cha kwanza umepungua sana uzito wake. Sekondari za kata zilienea tangu mwaka 2006, na ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Watoto wengi wanaofaulu darasa la saba hupata shule karibu na kwao, na tangu mwaka 2007 Dodoma yenyewe ina chuo kikuu. Mashindano hayakwisha, yamesogezwa mbele tu. Na mahali yanapoanza kuamuliwa ni palepale pa zamani, yaani madarasa ya chini. Mtoto wa Kolo anayezungumza Kirangi nyumbani huanza darasa la kwanza akijifunza kusoma na papo hapo akikiimarisha Kiswahili ambacho mwenzake wa Dar es Salaam amekinyonya na maziwa. Akifika kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza, naye huhesabu upya. Mgeni afikaye Kolo huja kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Ni wachache wanaopinda kwenda kutazama darasa la kwanza.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Linafaa darasa la sita au la saba, na ni bora lichukue vipindi viwili vinavyofuatana, kwani dakika arobaini hazitoshi. Mwalimu asitumie hata kidogo majina ya mikoa, makabila au dini. Akifanya hivyo watoto watamtetea aliye wao, na somo litakuwa limekufa kabla ya kuanza. Sisi tulitumia majina ya miti.

Andika ubaoni kwamba kuna nafasi kumi za sekondari. Shule ya Mbuyu ina watahiniwa 30, na Shule ya Mkuyu ina 20. Kisha andika alama za walioongoza. Mbuyu: 92, 90, 88, 85, 83, 80, 78, 76, 74. Mkuyu: 75, 66, 62, 60. Vikundi vigawe nafasi kwa alama pekee. Vitapata tisa kwa Mbuyu na moja kwa Mkuyu. Halafu vigawe kwa idadi ya watahiniwa. Hapa kuna zoezi zuri la uwiano, nalo litatoa sita kwa nne. Waulize ni nani walioingia na ni nani waliotoka. Wenye 78, 76 na 74 wametoka. Wenye 66, 62 na 60 wameingia. Usitoe maoni yako bado.

Hapo ndipo ugawe karatasi ya pili. Mbuyu, kitabu kimoja husomwa na wanafunzi wawili; Mkuyu, husomwa na wanane. Mwalimu wa Hisabati wa Mkuyu alihamishwa mwezi wa tatu na hakuletwa mwingine. Mtoto wa Mkuyu hutembea saa moja na nusu asubuhi. Mwenye 66 hurudi nyumbani na kuchota maji. Vikundi vijadili upya. Mwishowe chagua watoto wawili, mmoja azungumze kama mwenye 78 aliyekosa, mwingine kama mwenye 60 aliyepata, na kila mmoja asikilizwe hadi mwisho. Hatua hii isirukwe. Tumeona wanachuo wakiiruka kwa kuogopa machozi, na darasa likaondoka likidhani kuwa hesabu ya uwiano imemaliza kila kitu.

Yule mwanachuo wetu aliomba arudi kulifundisha somo hili katika darasa lilelile, nasi tukakubali. Alianza kwa kulijibu swali aliloulizwa. Aliwaambia kuwa mama yake aliuza mbuzi watatu, na kwamba mwalimu wake wa darasa la nne alimbakiza kila Jumatano baada ya masomo hadi alipoelewa sehemu. Kisha akaandika ubaoni Mbuyu na Mkuyu. Mtoto wa dawati la nyuma aliomba kuwa mwenye 78. Alisimama, akasema maneno machache tu: kwamba hamchukii aliyeichukua nafasi yake, lakini anataka kujua mwalimu wa Hisabati wa Mkuyu ataletwa lini, ili mwakani mdogo wake ashindane na mtu aliyefundishwa.