Kabla ya kuuza kompyuta ya mtoto, msikilize

Nyumbani kwetu Mwanga, mjini Kigoma, ugomvi ulianza na kompyuta. Tulimnunulia mwanetu ili ajifunzie masomo akisubiri kwenda chuo. Badala yake, kila usiku tukawa tunasikia kipande kilekile cha wimbo wa zamani, kikirudiwa hata mara hamsini. Baba yake akasema mashine iuzwe, fedha ziende kwenye ada.

Nikaomba siku moja. Usiku ule niliketi na kijana nione anachofanya. Wimbo ulikuwa wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki dunia mwaka 1979, ambao baba yangu aliurekodi kutoka redioni kwenye kaseti. Mwanangu alitaka kupiga upya dramu na besi zake kwa programu ya FL Studio, iliyotoka Ubelgiji miaka ya 1990 na ambayo watayarishaji wengi wa Bongo Fleva wameitumia.

Kwanza aliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, akahifadhi wimbo kwa programu ya bure iitwayo Audacity. Akapunguza mwendo bila kubadilisha sauti, kisha akakata sauti nyembamba ili besi isikike vizuri. Alihesabu mapigo kwa sekunde 15, akazidisha mara nne kupata kasi. Dramu alizipanga kwenye visanduku 16 vya programu, pigo moja baada ya jingine. Kila noti ya besi aliiimba kwa mdomo kabla ya kuiweka.

Lakini haikulingana. Mwanzoni kazi yake ilikwenda sawa na kaseti, wimbo ulipofika kwenye chemko vikaachana. Akadhani kaseti imechoka.

Babu yake, mstaafu wa reli, alikuwa amekaa kimya barazani. Akamwita.

“Mjukuu wangu, wale walikuwa watu, si saa ya ukutani. Chemko likifika, wanakaza mwendo. Na hiyo besi unaiwahisha. Isubiri mguu ushuke.”

“Nisubiri kiasi gani, babu?”

Mzee hakujibu. Aligonga meza kwa vidole, huku akiimba besi kwa puani. Kumbe zamani bendi ziliporekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki walipiga wote kwa pamoja, wakisikilizana. Kijana akazisogeza noti nyuma kidogo ya visanduku, akaongeza kasi kwenye chemko, akapiga tena. Babu akaanza kutikisa bega. Tangu mama afariki, sikuwa nimemwona hivyo.

Baba mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, ila habari ya kuuza kompyuta haijarudi. Tumewekeana masharti: masomo mchana, muziki saa mbili baada ya chakula cha usiku, tena kwa hedifoni. Na tumemweleza kwamba kuiga wimbo wa mtu ili kujifunza si sawa na kuuza. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inawalinda watunzi. Akitaka kuutoa, aombe ruhusa kwanza.

Ada bado tunaihangaikia. Lakini mzazi mwenzangu, mwanao akirudia wimbo mmoja mpaka ukakereka, muulize anatafuta nini ndani yake. Kama nyumbani kuna mzee aliyeucheza wimbo huo, mwite naye aketi. Kwetu sasa babu ndiye anayeuliza kila jioni, “Leo tunafanya upi?”