Barabara za Kikima: Ni nani mwenye jukumu la kuzikarabati?

KATIKA milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni, mvua ni neema na pia ni mtihani. Ndiyo inayostawisha parachichi, kahawa, mboga na malisho ya ng'ombe wa maziwa katika miteremko inayouzunguka mji mdogo wa Kikima. Mvua hiyo hiyo huteremka kwa kasi juu ya barabara za udongo, ikazichimba mabonde na kuziacha zisipitike.

Barabara ikikatika, hasara haichelewi. Maziwa huchacha kabla ya kufika sokoni. Mnunuzi wa matunda hushusha bei kwa sababu ya ubovu wa njia, naye mwenye matatu hupandisha nauli kwa sababu iyo hiyo. Mama mjamzito hulazimika kufikishwa hospitalini kwa bodaboda, usiku, kwenye utelezi.

Wakati kama huo wakazi huuliza ni nani aliyepaswa kuitengeneza barabara hiyo. Jibu hutegemea barabara yenyewe, na wengi hawalijui.

Hadi mwaka 2013, lawama zilimwangukia diwani. Makueni ilitengwa kutoka Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, na barabara ndogo na masoko yakawa miongoni mwa shughuli za baraza la mitaa. Mapato ya mabaraza ya mashambani yalikuwa haba. Kuanzia mwaka 1999 serikali kuu iliyatengea asilimia tano ya kodi ya mapato kupitia hazina iliyojulikana kama LATF, lakini mahitaji yaliendelea kuzidi fedha.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mpango huo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza yalivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba lilizipa kaunti barabara za kaunti, huku barabara kuu za kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa.

Katika maandishi mgawanyo huo ni wazi. Barabara kuu husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara za kitaifa zinazopita mashambani huwa chini ya Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA, ilhali njia nyingi zinazounganisha vijiji na masoko ni za kaunti. Asasi hizo mbili za kitaifa zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kabla ya ugatuzi, na tangu hapo mvutano kuhusu ni nani mwenye barabara zipi haujaisha.

Mvutano huo unahusu fedha. Kila anayenunua petroli au dizeli nchini hulipa ushuru wa kukarabati barabara, ambao tangu Julai 2024 umekuwa Sh25 kwa kila lita. Mwaka huo wa 2024, magavana na wabunge walizozana kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru huo, kila upande ukidai kuwa ndio wenye haki ya kuzitumia. Mkazi wa Kikima anayepanda bodaboda huchangia ushuru huo kupitia nauli, hata kama hamiliki gari.

Fedha zikishapatikana, kunabaki swali la kazi yenyewe. Adui wa kwanza wa barabara ya changarawe ni maji yaliyokosa njia, kuliko hata uzito wa magari. Barabara iliyojengwa vyema huinuliwa katikati ili maji yateremke pande zote mbili, yaingie mitaroni, kisha yapite chini ya barabara katika mabomba ya saruji na kutolewa mbali. Mtaro ukizibwa na udongo au majani, maji hurudi barabarani. Mahali penye mteremko mkali, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mbooni, mvua moja kubwa yaweza kuizoa changarawe ya mamilioni ya pesa.

Kwa hiyo greda pekee haitoshi. Kuiparuza barabara na kuiacha bila mitaro ni kuyatengenezea maji mkondo mpya. Gharama ya kuzibua mtaro kabla ya mvua ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuijenga barabara upya, lakini kazi hiyo haina sherehe ya uzinduzi wala utepe wa kukatwa, na aghalabu husahauliwa.

Kenya iliwahi kuwa na mpango ulioitambua haja hiyo. Mpango wa barabara za mashambani ulioanza mwaka 1974 ulijenga maelfu ya kilomita kwa kutegemea nguvu za wakazi kuliko mitambo. Barabara ilipokamilika, mkazi wa hapo hapo, mara nyingi aliyekuwa mmoja wa wajenzi, alipewa mkataba wa kutunza kipande cha kilomita moja au mbili karibu na kwake. Alifyeka nyasi, akazibua mitaro na kufukia mashimo yangali madogo. Mpango wa namna hiyo huacha ujira kijijini, na mtunzaji huijua barabara yake kama anavyolijua shamba lake.

Ukambani hauna haja ya kufunzwa ushirikiano. Mwethya, desturi ya majirani kufanya kazi kwa pamoja, ndiyo iliyochimba matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu ili kuzuia mmomonyoko. Ujuzi huo unaweza kutumika barabarani. Katika kaunti za Makueni na Kitui, wakulima wamehimizwa kuyaelekeza maji ya mitaro kwenye matuta na mabwawa ya mashambani. Maji yaliyokuwa yakibomoa barabara huwa ya kunyweshea miembe.

Wakazi nao wana wajibu. Wapo wanaolima hadi ukingoni mwa barabara, na wengine hufukia mtaro ili kupata kivuko cha kuingilia nyumbani bila kuweka bomba. Udongo wa shamba lisilo na matuta pia huishia mtaroni.

Hata hivyo, mwethya hauwezi kuwa kisingizio cha serikali kukwepa kazi inayotozewa ushuru. Sheria inampa mwananchi nafasi ya kudai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayelalamika mwezi Novemba, barabara ikiwa imekwisha kukatika, huwa amechelewa kwa bajeti ya mwaka huo.

Makueni imesifiwa ndani na nje ya nchi kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia ngazi ya vijiji hadi wadi, na kwa kuunda kamati za wakazi zinazokagua miradi kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Utaratibu huo hufaa zaidi wakazi wanapojua la kuuliza. Je, mkataba una mitaro na mabomba, au ni kuparuza tu? Ni nani atakayeitunza barabara baada ya mwanakandarasi kuondoka? Je, kuna fedha zilizotengewa utunzaji huo?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba stakabadhi za mradi, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi. Hatua ya kwanza ni kuthibitisha barabara ni ya nani. Malalamishi yakipelekwa katika ofisi isiyohusika yanaweza kukaa huko hadi mvua nyingine inyeshe.