Kata ya Kibuyu Ipimwe kwa Kazi Yake

Mkoa wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, ni nchi ya pamba na ng'ombe, na palipo na ng'ombe wa Wasukuma hapakosi kibuyu. Siku hizi kibuyu kimeachiwa wazee na wauza mapambo. Uji unanywewa kwenye kikombe cha alumini, maziwa yanagandishwa kwenye ndoo ya plastiki. Naona chombo hiki kilihukumiwa kwa sura yake kabla hakijapimwa kwa kazi. Vipimo vya chombo cha kinywaji ni vitatu: kinapitishaje joto, mdomo wake una upana gani, na ndani yake panasafishika vipi. Katika viwili vya mwanzo kibuyu kina hoja nzito. Katika cha tatu kina kesi ya kujibu.

Tuanze na joto. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mti mkavu, na ganda la kibuyu ni tishu ngumu kama mti iliyojaa vijitundu vya hewa. Ndiyo maana uji wa mtama ukiwa kwenye kata, yaani kibuyu kilichokatwa kuwa chombo cha kunywea, unaweza kushikwa kwa viganja viwili, ilhali kikombe cha alumini kinaunguza vidole na midomo huku kikipoteza joto haraka. Mdomo nao una kazi yake. Wajapani, wanaokunywa chai ya unga iitwayo matcha, hutumia bakuli pana la udongo kwa sababu unga huo hauyeyuki. Unapaswa kupigwa kwa upekecho wa mwanzi mpaka utoe povu, na kwenye kikombe chembamba mkono hauna pa kuchezea. Bakuli hulipasha kwanza kwa maji moto, na kwa majira ya baridi huchagua lenye kina zaidi ili joto lisitoroke upesi. Kata ni pana vivyo hivyo, kwa hiyo humpozea mtoto uji bila kumuunguza mlezi.

Kisabo, kibuyu cha kusukia maziwa, kimefuata kanuni iliyo kinyume: tumbo kubwa, shingo nyembamba. Maziwa yakitikiswa ndani yake hupigana na kuta, utando unaofunika vitone vya mafuta hupasuka, na mafuta hushikamana kuwa siagi, lakini shingo inazuia yasimwagike. Kazi hiyo huenda vizuri mafuta yakiwa yamepoa na kuganda kiasi, kwa hiyo anayesuka alfajiri kabla jua la Simiyu halijapanda anafuata fizikia, ajue asijue.

Bwana afya atauliza: na vijidudu? Ana haki. Vijitundu vilevile vinavyozuia joto huficha bakteria. Wale wanaogandisha maziwa hurithishwa humo toka mara moja hadi nyingine, na ndio siri ya mtindi wa kibuyu kuganda bila kuongezewa kitu; lakini wabaya nao hujificha hapohapo, na brashi haiwafikii. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hufukiza vibuyu kwa vijiti vinavyowaka, na moshi kweli una kemikali zinazodhoofisha vijidudu vya juu ya ganda. Hautibu, hata hivyo, maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe mwenye bruselosisi, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza pia binadamu. Dawa ya hilo ni sufuria na moto: chemsha maziwa, yaache yapoe, uyatie mtindi kidogo yagande, ndipo uyasuke. Ya kuhifadhi yakae kwenye chuma kisichoshika kutu, maana asidi ya mtindi huila alumini.

Wengine watasema plastiki ni rahisi na haivunjiki. Kweli, lakini ikichubuka ndani nayo hushika uchafu, na moto wa uji si rafiki yake.

Anayetafuta kata sokoni aangalie ganda nene lisilo na ufa, kisha aijaze maji usiku kucha na asubuhi aonje tone moja kwa ncha ya ulimi na kulitema. Yakiwa machungu, ayamwage na kurudia siku nyingine hadi uchungu uishe. Usipoisha, kata hiyo ikapandiwe mbegu. Uchungu huo ni wa kukabitasini, sumu ya jamii ya maboga ambayo kupikwa hakuiondoi.