Kiwewe cha ajali si uzee

Tumezoea kupima ajali kwa idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa. Redio inatangaza, magazeti yanaandika, na baada ya siku tatu tunasahau. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu asiyekuwamo katika hesabu hiyo: mzee aliyetoka hai ndani ya basi, akafungwa bandeji, akaruhusiwa kwenda nyumbani, lakini ajali ikamfuata hadi kitandani.

Barabara ya Morogoro tunaijua. Mabasi ya mikoani na malori yaendayo bara hupita Kibaha usiku na mchana, na majeruhi wengi hupokelewa Hospitali ya Tumbi. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Kiwewe hakionekani.

Dalili zake ni hizi. Mtu huiona ajali upya, akiwa macho au ndotoni. Hukwepa gari, barabara, hata mazungumzo yanayomkumbusha. Hushtuka kwa honi, usingizi humpaa, na hasira humjia upesi. Wengi hupata hali hiyo kwa siku chache kisha ikapita. Ikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya shughuli zake, huo ni ugonjwa.

Wala si ugonjwa wa watu dhaifu. Mwaka 1865 mwandishi maarufu wa Uingereza, Charles Dickens, akiwa na miaka 53, alinusurika katika ajali ya treni huko Staplehurst. Hakuumia, tena alisaidia majeruhi. Lakini tangu siku hiyo safari za treni zilimtia hofu na kumtetemesha. Waganga wa zama hizo walidhani ajali za treni huharibu uti wa mgongo. Ni mwaka 1980 tu ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha maradhi.

Kwa wazee wetu tatizo ni kwamba kila dalili tunaipa jina jingine. Moyo ukienda mbio, tunasema presha. Akisahau, uzee. Akipiga kelele usiku, shetani. Naye mzee mwenyewe hasemi anaogopa. Husema mgongo unauma, au hana hamu ya chakula.

Sasa mchukulie mzee wa Kisarawe mwenye kliniki ya kisukari Dar es Salaam. Lazima ashuke milima ya Pugu kwa gari hadi Gongo la Mboto, ndipo aendelee mjini. Baada ya ajali anaahirisha: wiki ijayo, mwezi ujao. Dawa zinakwisha, sukari inapanda. Gari halikumwua, lakini hofu ya gari yaweza kumwua.

Tufanye nini? Kwanza, aliyegonga kichwa aangaliwe kwa wiki kadhaa. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa au mguu ukikosa nguvu, apelekwe hospitali mara moja. Hicho si kiwewe.

Pili, tusimcheke, wala tusimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, tumsikilize. Tumrudishe barabarani kidogo kidogo: leo akae ndani ya gari lililosimama, kesho aende kituo kimoja akiwa na mtu anayemwamini.

Tatu, mwezi ukipita bila nafuu, tumpeleke hospitali na tumwambie daktari waziwazi kwamba mzee huyu alipata ajali. Bila neno hilo atatibiwa mgongo. Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, na dawa daktari akiona inafaa. Tusimnunulie dawa za usingizi dukani kwa kubahatisha. Valiamu humlewesha mzee, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Na ninyi madereva na makonda wa Kibaha na Kisarawe, nina ombi. Bibi akisema, "Mwanangu, punguza mwendo," msimjibu akanunue gari lake. Hamjui ameona nini barabarani. Kupunguza mwendo ni tiba kwake, na ni kinga kwa abiria wote.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.