Maji ya Rangi ya Chai

Mtu akichota maji kwa gilasi katika kijito cha milima ya Pennines, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Machi, atayaona yana umanjano hafifu tu. Akirudi pale pale mwezi Septemba, huenda akadhani ni chai ya rangi. Wala si tope: maji hayo yakipitishwa katika karatasi ya kuchujia, rangi yake hubaki vile vile. Kilichoongezeka ni kaboni ya kioganiki iliyoyeyuka, na mara nyingi huwa imezidi maradufu.

Sehemu kubwa ya milima hiyo imefunikwa na mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea, hasa mmea mdogo usio na mizizi wala maua uitwao sfagnamu, yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Kinachozuia kuoza ni maji. Oksijeni hupenya polepole mno katika maji yaliyotuama, na bila oksijeni kimeng'enya kiitwacho fenoli oksidasi hakifanyi kazi. Basi fenoli, ambazo ni jamaa ya tanini iliyomo katika majani ya chai na magome ya mikandaa, hujazana na kuvizuia vimeng'enya vingine vinavyovunja selulosi. Mwaka 2001 Chris Freeman na wenzake wa Bangor, Wales, walilifananisha jambo hili na komeo: kimeng'enya kimoja kikinyimwa hewa, ghala zima la kaboni hubaki limefungwa.

Katika majira ya joto, kuanzia Juni hadi Agosti, komeo hulegea. Usawa wa maji hushuka, hewa huingia katika tabaka la juu, bakteria na kuvu huchangamka, na mabaki ya mimea huvunjwavunjwa hadi kutoa asidi za humiki na za fulviki zenye rangi ya kahawia. Nyingi hungoja ndani ya mboji mpaka mvua za majira ya kupukutika majani zizisukume vijitoni. Kufikia mwisho wa baridi ghala limekwisha kusuuzwa.

Mwanafunzi atakayekisia kwamba kiangazi kikali kabisa ndicho kitakacholeta maji meusi kabisa atakosea, angalau kwa muda. Mboji hiyo imehifadhi salfa nyingi, ambayo sehemu yake ilitokana na moshi wa makaa ya mawe ya viwandani. Hewa inapoifikia, salfa hugeuka salfeti na asidi huongezeka. Katika hali hiyo molekuli za humiki hupoteza chaji zake, hugandamana, na kukataa kuyeyuka. Maji ya wakati wa ukame huweza kuwa meupe kuliko ilivyotazamiwa. Mvua ikirudi, bakteria huirejesha salfeti kuwa salfaidi, asidi hupungua, na rangi hufunguliwa kwa mkupuo.

Mkupuo huo huwapa kazi wahandisi wa maji. Mwaka 1974 mwanakemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini inayotiwa ili kuua vijidudu huungana na asidi za namna hii kutoa klorofomu na jamaa zake, trihalomethani. Sheria za Uingereza zinaruhusu jumla ya mikrogramu 100 tu katika lita moja. Kwa hiyo asidi huondolewa kabla ya klorini kutiwa, kwa chumvi za alumini au za chuma, ndugu wa shabu inayotumika nyumbani kutuliza maji ya tope. Kipimo kilichofaa Machi hakitoshi Septemba.

Juu ya mzunguko huo wa mwaka kuna badiliko la muda mrefu. Tangu miaka ya 1980 maji ya vinamasi vingi vya Ulaya Kaskazini yamezidi kuwa ya kahawia, na wengi walihofu kwamba ongezeko la joto duniani linaiyeyusha mboji. Mwaka 2007 Don Monteith na wenzake, wakitumia vipimo vya maziwa na vijito 522 vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, walionyesha kwamba sababu kubwa ni kupungua kwa mvua ya asidi. Yaani maji yanarudia rangi yaliyokuwa nayo kabla ya viwanda! Hoja hiyo ina nguvu, ila haiondoi hatari ya viangazi virefu zaidi. Ndiyo maana katika vilima vingi vya Uingereza mifereji iliyochimbwa karne ya 20 ili kukausha vinamasi sasa inazibwa, usawa wa maji upande tena na komeo lirudi mahali pake.